Ganzi, Mdudu na Mshipa: Istilahi za Meno na Maswali ya Mgonjwa

Utangulizi

Kata ya Ijuganyondo imo katika Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera. Wakazi wake wengi huzungumza Kihaya nyumbani, na Kiswahili shuleni, ofisini na hospitalini. Daktari anayewatibu meno, kwa upande wake, amejifunza kazi yake kwa Kiingereza, kwani ndivyo yanavyotolewa mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno tangu yalipoanzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Kwa hiyo mgonjwa hufikiri kwa lugha moja, daktari hufikiri kwa lugha nyingine, na wote wawili hukutana katika Kiswahili. Maneno ya Kiswahili yakiwa na utata, atakayeumia ni mgonjwa.

Mwandishi wa makala haya alipata kulishuhudia jambo hilo alipomsindikiza shangazi yake, mkazi wa Ijuganyondo, kwenda kutibiwa katika zahanati moja. Tabibu, ambaye alikuwa kijana, alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," akamwuliza linalomsumbua. Shangazi akajibu, "Meno yangu yana ganzi, mwanangu. Nikinywa maji ya baridi siwezi kuvumilia." Tabibu akamchunguza, kisha akasema, "Basi, mama, hili bovu nitalitia ganzi, halafu nilitoe." Shangazi akafumba kinywa, akashukuru, akaondoka. Tulipokuwa njiani alieleza sababu: "Nimekwenda kuondolewa ganzi, naye anataka kuniongezea!" Alikaa na jino lile miezi miwili, hata shavu likavimba.

Tabibu yule hakukosea, wala shangazi hakukosea. Kila mmoja alitumia neno la Kiswahili fasaha kwa maana inayojulikana. Kosa lilikuwa letu sisi tunaoshughulika na istilahi, kwa kuwa tumeliacha neno moja lifanye kazi mbili zinazopingana.

Aghalabu husemwa kwamba taaluma za tiba zinapungukiwa na maneno ya Kiswahili. Kwa upande wa meno, upungufu huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Waswahili walikuwa na chonge, gego, ufizi, ukoga, mwanya, pengo na kibogoyo kabla ya kuwapo hospitali yoyote nchini. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba baadhi ya maneno tuliyo nayo yanabeba maana nyingi mno. Katika makala haya tutayapitia maswali ambayo wagonjwa huyauliza mara kwa mara juu ya meno, na kwa kila swali tutaonyesha neno lililolizaa, jibu lake la kitaalamu, na istilahi tunayoipendekeza.

1. "Jino la mtoto litang'oka lenyewe, kwa nini nilitibu?"

Mtoto huwa na meno 20, ambayo huanza kuota apatapo umri wa miezi sita hivi na kukamilika kati ya miaka miwili na mitatu. Mtu mzima aliyekamilika huwa na meno 32: meno ya mbele 8, chonge 4, magego madogo 8 na magego makubwa 12, pamoja na yale ya mwisho ambayo wengi huyaita meno ya akili.

Meno ya mtoto huitwa meno ya utoto au meno ya maziwa. Yale yanayofuata huitwa meno ya kudumu. Majina yote mawili yanafaa, lakini yana hatari ndogo ambayo mwalimu na mfasiri hawana budi kuifahamu. Jina la kwanza humfanya mzazi ayadharau meno hayo, ilhali jino la utoto lililooza huuma, huleta usaha, na likiondolewa mapema huwaacha majirani zake wasogee na kuziba nafasi ya jino litakalofuata. Jina la pili humfanya mtu adhani kwamba meno hayo yatadumu hata yasipotunzwa.

Tena kuna gego moja ambalo hupotea kwa sababu halina jina. Mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi huliona na kulidhania kuwa ni la utoto. Likioza, husema litaota jingine, nalo haliwezi kuota. Tunapendekeza liitwe gego la miaka sita, ili jina lenyewe limkumbushe mzazi na mwalimu wa darasa la kwanza kwamba jino hilo limekuja kukaa.

2. "Je, mdudu ametoka?"

Swali hili huulizwa baada ya jino kung'olewa. Mgonjwa huomba aonyeshwe mdudu aliyekuwa akilitoboa jino. Imani ya mdudu wa jino si ya Bukoba peke yake. Ilikuwako katika nchi za kale za Mashariki ya Kati, Asia na Ulaya, nayo ni rahisi kueleweka, maana tundu la jino lililooza hufanana na tundu la bungua katika mti au katika kiazi.

Ukweli ni huu. Juu ya meno hujengeka utando laini ambao Kiswahili huuita ukoga. Ndani ya ukoga wanaishi bakteria, ambao ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mtu alapo sukari, bakteria huila pia na kutoa asidi. Asidi hiyo hulainisha tabaka gumu la nje la jino, ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Jambo hilo likirudiwa kila siku, tabaka hilo huvunjika, tundu hutokea, na uozo huingia ndani mpaka kwenye kiini cha jino chenye neva na mishipa ya damu. Hapo ndipo maumivu makali huanza. Kwa hiyo linalodhuru zaidi si wingi wa sukari peke yake, bali pia ni mara ngapi kwa siku sukari hiyo huingia kinywani.

Sasa tutazame kazi ya mfasiri. Mabango na vijitabu vingi husema, "Meno hutobolewa na vijidudu" au "Piga mswaki uwaondoe wadudu." Mfasiri aliyeandika hivyo alikusudia bakteria. Msomaji aliyesoma hivyo amethibitishiwa na serikali kwamba mdudu yupo. Anayeamini mdudu hutafuta dawa ya kumwua au mganga wa kumtoa, wala haoni sababu ya kupunguza sukari. Tunashauri kwamba katika maandishi yahusuyo meno litumike neno bakteria, ambalo limekwisha kuzoeleka mashuleni, na kwamba wadudu na vijidudu yaachwe kabisa. Kwa ugonjwa wenyewe tunapendekeza uozo wa jino, na kwa lile shimo, tundu. Kutoboka ni matokeo ya ugonjwa. Tukiuita ugonjwa wenyewe kwa jina hilo tutakuwa tumesubiri mpaka tundu lionekane.

3. "Mbona meno yana ganzi, nanyi mnataka kuyatia ganzi?"

Katika matumizi ya kawaida, neno ganzi lina maana mbili. Kwanza ni hali ya kiungo kutohisi kitu, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Pili ni hali ya meno kusisimka na kuuma yakiguswa na kitu kichachu, cha baridi au cha moto. Maana ya kwanza ni kukosa hisi. Maana ya pili ni kuzidi kwa hisi. Daktari hutumia ile ya kwanza anaposema sindano ya ganzi. Mgonjwa hutumia ile ya pili anapoeleza ugonjwa wake.

Maneno sindano ya ganzi yameenea nchi nzima, wala haifai kujaribu kuyaondoa. Kwa hiyo yafaa ganzi iachiwe maana ya kukosa hisi, na ile hali ya meno kusisimka itafutiwe neno lake. Kwa kawaida, anayetafuta istilahi huanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo aende mbali. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Kiswahili kina neno ukakasi, yaani hali inayoyapata meno na kinywa mtu anapokula tunda bichi. Mkazi wa Kagera, ambaye migomba imeizunguka nyumba yake, anajua vema ndizi mbichi inavyofanya kinywani.

Pendekezo hili lina kasoro ambayo hatutaificha. Siku hizi wasemaji hutumia ukakasi kwa maana ya jambo lisilokubalika kwa urahisi, kama vile "uamuzi wenye ukakasi." Hata hivyo maana hiyo imetokana na ile ya kinywani, na haiwezi kumchanganya mtu aliyeketi kwenye kiti cha daktari wa meno. Tabibu akiuliza, "Je, una ukakasi ukinywa maji ya baridi?" na baadaye akisema, "Nitakuchoma sindano ya ganzi ili usisikie maumivu," hakuna atakayeondoka njiani.

4. "Nikiling'oa jino la juu, sitapofuka?"

Hofu hii imewafanya watu wengi wavumilie jino bovu kwa miaka. Husemwa kwamba meno ya juu yameungana na macho kwa mshipa mmoja. Chanzo kimojawapo ni neno mshipa lenyewe, ambalo kwa Kiswahili cha kila siku ni njia ya damu, ni kano, ni neva, na hata ni ugonjwa wa kuvimba sehemu za siri. Daktari akisema, "Mshipa wa jino umeathirika," kila msikilizaji huchagua maana yake.

Kitaalamu, neva inayobeba hisi za meno si ile inayobeba uoni kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Jino ling'olewapo, kinachokatika ni nyuzi ndogo sana za neva na vijishipa vya damu vinavyoingilia kwenye ncha ya mzizi. Uwezo wa kuona hauguswi. Kinyume chake, jino bovu la juu lililoachwa ndilo linaloweza kueneza uvimbe na usaha usoni mpaka karibu na jicho. Tunapendekeza kwamba mfasiri aandike neva kwa njia ya hisi, mshipa wa damu kwa njia ya damu, na kwamba asiandike kamwe mshipa peke yake.

5. "Kwani ni lazima ling'olewe?"

La, si lazima. Jino ambalo uozo haujafika kwenye kiini huweza kuzibwa. Hata lililofikiwa kwenye kiini huweza kufanyiwa tiba ya mzizi, yaani kutoa kiini kilichoharibika, kusafisha njia zake na kuziziba. Lakini mgonjwa anayechelewa mpaka shavu livimbe hujipunguzia nafasi ya kuokoa jino.

Hapa pana jambo linalowahusu Watanzania kwa namna ya pekee. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi katika kitengo cha meno huko Dar es Salaam walijaribu njia ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine ya kuchimbia. Uozo laini huondolewa kwa zana ndogo za mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Aghalabu haihitajiki hata sindano ya ganzi. Njia hiyo ilipelekwa nchi nyingine, na mwaka 1994, ambapo mada ya Siku ya Afya Duniani ilikuwa afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza ulimwenguni. Inafaa hasa kwa shule na zahanati zisizo na umeme.

Njia hiyo iliyozaliwa nchini petu ilipewa jina la Kiingereza, na hata leo wengi wanaoifanya hulitaja kwa herufi zake tatu za mwanzo. Tukilifasiri jina hilo neno kwa neno tutapata "tiba ya kurejeshea isiyojeruhi," ambayo mgonjwa hataelewa. Tukisema uzibaji wa mkono, mtu aweza kudhani kwamba kinachozibwa ni mkono. Kwa hiyo tunapendekeza uzibaji kwa zana za mkono, kwa kuwa zana za mkono ni maneno yaliyozoeleka tangu zamani katika kilimo na ufundi, nayo yanaeleza kazi yenyewe kuliko kulifuata jina la kigeni.

6. "Nimetumia dawa ya meno, mbona jino bado linauma?"

Dawa ya meno ni jina la ile inayotiwa kwenye mswaki. Lakini mwenye maumivu husikia dawa inayoponya meno, naye huipaka kwenye tundu na kungoja nafuu. Watu wengi husema pia dawa ya mswaki. Hilo ndilo tunalolipendekeza katika maelekezo ya hospitali. Ile ya kutuliza iitwe dawa ya maumivu, na ielezwe wazi kwamba hutuliza tu, haiponyi jino.

Hata hivyo walioiita dawa hawakukosea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya mswaki yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Floraidi huimarisha tabaka la nje la jino lisiyeyushwe na asidi. Kiasi kinachoshauriwa ni sehemu 1000 hadi 1500 katika kila milioni, na kiasi hicho huandikwa kwenye pakiti. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa ni kabla ya kulala. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiliwe kiasi cha punje ya mchele tu. Baada ya kupiga mswaki, mtu ateme bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kinywani. Ama mswaki wa mti, ambao ndio uliolipa jina brashi ya leo, husafisha vema ukifikishwa kila upande wa jino, ila wenyewe haubebi floraidi ya kutosha.

7. "Mtoto wangu ana meno ya plastiki; nimpeleke wapi?"

Tumeliweka swali hili mwisho kwa sababu ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Katika miaka ya 1980 zilisikika sehemu mbalimbali za nchi habari za "meno ya plastiki," au "meno ya nailoni," yaliyosemekana kuwaletea watoto wachanga homa na kuharisha. Magharibi mwa Uganda jambo hilohilo huitwa ebiino, jina ambalo msemaji wa Kihaya, anayeyaita meno amaino, hulitambua mzizi wake mara moja. Mganga hupasua ufizi wa mtoto kwa kisu au chombo kingine chenye ncha, na kutoa kitu cheupe na laini, ambacho humwonyesha mzazi.

Kitu hicho si plastiki wala si ugonjwa. Ni jino la kweli la mtoto, hasa chonge, ambalo bado linakua ndani ya ufizi na halijawa gumu. Kila mtoto analo. Ndiyo maana mganga hakosi kulipata. Homa na kuharisha kwa umri ule hutokana na maambukizo, na tiba yake iko zahanati. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvichumvi maalumu na aendelee kunyonyeshwa, na mwenye homa apimwe malaria. Anayepasuliwa ufizi huweza kutoka damu nyingi, kuambukizwa pepopunda au magonjwa mengine, na kupoteza jino la utoto pamoja na kuharibiwa la kudumu lililo chini yake.

Hapa jina ndilo lililoumba ugonjwa. Plastiki ni kitu cha kigeni kisicho na mahali mwilini, na mzazi akiisha kuamini kwamba iko katika ufizi wa mwanawe, lazima atake itolewe. Kwa hiyo tangazo lenye kichwa "Ugonjwa wa meno ya plastiki" hulitia nguvu jambo linalotaka kulikomesha, hata kama maneno yanayofuata yanaupinga. Tunapendekeza chipukizi la jino. Mkulima yeyote ajua kwamba chipukizi ni laini, ni jeupe, na kwamba anayeling'oa asingoje mavuno. Kichwa cha tangazo na kiseme, "Usimng'oe mtoto machipukizi ya meno."

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Bakteria: viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, baadhi yao huozesha meno.
Chipukizi la jino: jino linalokua ndani ya ufizi kabla ya kuota.
Dawa ya mswaki: dawa ya kusafishia na kuimarisha meno.
Ganzi: hali ya kutohisi, hasa iletwayo na sindano.
Gego la miaka sita: gego la kwanza la kudumu.
Kiini cha jino: sehemu laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu.
Neva: njia ya hisi.
Tiba ya mzizi: kutoa kiini kilichoharibika na kuziba njia zake.
Ukakasi: msisimko au maumivu ya jino liguswapo na kitu baridi, cha moto au kichachu.
Ukoga: utando wa bakteria juu ya meno.
Uozo wa jino: kuharibika kwa jino kutokana na asidi ya bakteria.
Uzibaji kwa zana za mkono: kuziba jino bila mashine.

Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo ya mwandishi, bado hazijasanifiwa. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya wazijaribu kwa kipimo kimoja: wamtamkie mgonjwa, kisha wamwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Akieleza kile alichokusudia msemaji, istilahi imefaulu. Akieleza kinyume, hata ikiwa ni fasaha namna gani, hatuna budi kuirudia. Maoni ya wasomaji, hasa wa mikoa ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, yatapokewa kwa shukrani.

Ama shangazi, alirudi zahanati baada ya shavu kuvimba. Jino halikuweza kuokolewa. Alipochomwa sindano na maumivu yakakoma, alisema, "Kumbe ganzi hii ni nyingine!" Neno moja zaidi lingemwezesha kuyajua hayo miezi miwili mapema.